Kama hununui kitabu, usimpige picha mwandishi

Wasee, wacha nianze na kosa langu kabla sijawagombanisha nyinyi.

Desemba iliyopita nilikuwa Homa Bay kwenye tamasha la mtaa. Si lile la Rusinga la kila Desemba, lile la utamaduni wa Abasuba ambalo watu husafiri mbali kuja kuliona. Hili lilikuwa dogo. Barabara moja imefungwa kwa kamba, matenti meupe, spika kubwa kuliko jukwaa lenyewe, ohangla kuanzia saa nne asubuhi, na watu wa Nairobi waliorudi ocha kwa Krismasi wakitembea polepole kama wameununua mji. Nilikuwa nimetoka Migori na matatu ya asubuhi, simu iko na chaji, natafuta kontenti. Hiyo ndiyo kazi yangu siku hizi. Chuo niliacha mwaka wa pili kwa sababu ya karo, na sababu zingine ambazo mamangu hapendi nizitaje hapa.

Katikati ya mama wa kukaanga samaki na jamaa wa kava za simu nikaona meza ya plastiki. Juu ya meza leso, juu ya leso vitabu kama arobaini hivi, vyote vya aina moja. Nyuma yake ameketi mama wa miaka sitini na kitu, mwavuli mkononi, miwani ya kusomea imening'inia shingoni kwa uzi. Mbele ameweka kipande cha boksi ameandika kwa kalamu ya wino mzito: MWANDISHI NI MIMI. SH 500.

Manze, nilipenda hiyo boksi. Nikatoa simu mara moja. Nikamchukua kutoka upande, nikavuta karibu kwa maandishi, nikarudi kwa uso. Sekunde tisa. Akaniuliza, "Utachukua kimoja, nyathina?"

Nikamjibu, "Nakuja, Mwalimu. Nazunguka kwanza."

Kila mtu aliyewahi kuuza kitu Kenya anajua maana ya "nazunguka kwanza".

(Nilimwita Mwalimu kwa sababu watu wote waliopita walimwita hivyo. Alifundisha shule za msingi za huko miaka zaidi ya thelathini. Nusu ya wapita njia aliwahi kuwachapa.)

Nikapachika ile video na maneno ya huruma, ati tusapoti waandishi wetu. Kufikia saa kumi jioni watu 41,000 walikuwa wameitazama. Si uongo, hiyo ndiyo video yangu iliyoenda mbali zaidi mwaka jana. Maoni yakamiminika. Mama shujaa. Mungu akuinue. Hawa ndio wanafaa kupewa tuzo. Homa Bay mko na hazina. Na katikati ya hizo baraka zote, karibu kila baada ya maoni kumi, mtu anauliza: PDF inapatikana wapi?

Nilirudi kwa meza yake jioni nikiwa na furaha ya kijinga. Nikamwonyesha simu. "Mwalimu, umekuwa maarufu."

Akavaa miwani. Akasoma maoni polepole, moja baada ya lingine, vile mwalimu husahihisha insha. Hakucheka wala hakukasirika. Alipomaliza akanirudishia simu akaniuliza, "Hawa wote wako wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikamuuliza ameuza ngapi. Vinne. Kimoja kwa mama wa samaki wa meza ya kando, kimoja kwa pasta, viwili kwa mwanafunzi wake wa zamani ambaye sasa anafanya kazi kaunti. Cha tano kilichukuliwa na mheshimiwa fulani aliyepita na watu wake, akapigwa picha akikifungua, kisha msaidizi wake akakitia kwa mkoba akasema ni "kopi ya ofisi". Hakulipa.

"Na wewe," akaniambia, "ulisema unakuja."

Nikapiga hesabu kichwani ya vile nilikuwa nimetumia siku hiyo. Chipo na kuku. Soda mbili. Miwani ya jua ya soo mbili ambayo ilivunjika Rongo nikirudi. Boda ya kwenda ufuoni na kurudi kwa sababu nilitaka picha ya machweo. Ilikuwa imepita soo nane. Mfukoni nilikuwa nimebaki na nauli na shilingi sabini.

Kabla sijaondoka aliniambia kitu kimoja. Nisimpige picha tena mpaka niwe nimesoma kitabu chake. Ndiyo maana hapa sitaji jina lake wala jina la kitabu. Video niliitoa. Najua mnataka kiungo. Hakuna kiungo.

Sasa tugombane.

Sisi vijana wa mtandao tuko na tabia ya kumtazama mwandishi wa mtaani kama mtu wa kuhurumiwa. Tukimwona na vitabu vyake kwenye meza, tunamwekea muziki wa huzuni. Mama wa samaki hatumwekei muziki. Tunamuuliza ngege ni ngapi, tunalia bei, tunalipa, tunakula. Yaani tunamheshimu. Huyu mwingine aliyekaa miaka minne akiandika tunampa mioyo ya rangi nyekundu na tunapita. Halafu tunaambiana ati Wakenya hawasomi. Siku ile mimi ndiye niliyekuwa Mkenya hasomi, na nilikuwa na soo nane mfukoni.

Nilimtafuta tena Januari. Nilitumia mtu wa Homa Bay anisaidie kupata nambari yake, nikatuma soo tano na ya kutuma kitabu kwa matatu. Kilifika Migori kwa stendi kimefungwa kwa gazeti. Tukaanza kuongea kwa simu, na nikamuuliza hesabu zake. Aliniruhusu kuziandika, kwa hivyo niskizeni vizuri.

Alichapisha nakala 300 Nairobi. Kila moja ilimgharimu 230, jumla 69,000, pesa ya chama na kiasi cha pensheni. Anauza 500. Kwa hivyo kila kitabu kinamwachia 270, kama hahesabu miaka ya kuandika, na hahesabu. Siku ile ya tamasha alilipia nafasi ya meza 1,500, nauli kwenda na kurudi 300, chai na chakula 200. Jumla 2,000. Ili tu arudi nyumbani bila hasara, alihitaji kuuza vitabu vinane. Aliuza vinne. Yaani Mwalimu alilipa shilingi 920 ili akae juani siku nzima nimfanye kontenti, na hapo hatujahesabu ile kopi ya ofisi.

Mtauliza mbona asiende kwa kampuni ya uchapishaji. Alienda. Kwa mkataba wa kawaida mwandishi hupata kama asilimia 10 ya bei, kwa hivyo kwa kitabu cha soo tano ni shilingi hamsini. Na kampuni nyingi pesa zao ziko kwa vitabu vya shule. Hadithi ya mtu mzima isiyo na maswali mwishoni ni bahati nasibu kwao, na mimi siwalaumu sana. Juu ya hayo, tangu sheria ya VAT ya mwaka 2013, vitabu hutozwa ushuru wa asilimia 16. Kwa hivyo ukiona kitabu cha Kenya ukasema ni ghali, jua kuna mkono mwingine pia umepitia hapo.

Wacha niongee kuhusu shule kidogo, kwa sababu naamini hapo ndipo tuliharibiwa.

Mimi nilisoma Chozi la Heri, nikasoma Kigogo, nikasoma Tumbo Lisiloshiba. Nasema nilisoma lakini ukweli ni kwamba nilisoma mwongozo. Darasa letu lilikuwa na mwongozo mmoja uliopigwa fotokopi mpaka maneno ya pembeni yakapotea, na tulikuwa tunajua maudhui kumi na mbinu za lugha kumi bila kujua hadithi yenyewe inaishaje. Ningekuambia kuna tashbihi ukurasa fulani. Singekuambia kama nilimpenda mhusika yeyote. Siku ya karatasi ya mwisho tulichoma zile fotokopi nyuma ya mabweni tukiimba. Kwa miaka minne kitabu kilikuwa kitu cha kukuumiza, na mwandishi alikuwa mtu aliyekufa, ama anaishi Nairobi, ambayo kwetu ilikuwa karibu na kufa. Haikuniingia akilini kwamba mwandishi anaweza kupanda matatu na mimi.

Kwa hivyo nikimwona Mwalimu na boksi yake, akili yangu haikuwa na mahali pa kumweka. Nikamweka kwa "vitu vya kuhurumia".

Na hapo ndipo nilikuwa mjinga zaidi, kwa sababu hii kazi si ngeni kwetu hata kidogo. Paul Mboya, chifu wa Karachuonyo, aliandika Luo Kitgi gi Timbegi mwaka 1938. Mwaka 1938, wasee! Mtu wa hapa hapa, anaandika kwa Dholuo mila za watu wake, na mpaka leo wazee wakibishana kuhusu desturi kuna mmoja atakitaja. Gendia, karibu na Kendu Bay, Waadventista wamekuwa na mtambo wa kuchapa vitabu kwa zaidi ya miaka 100. Na kama umekulia Homa Bay ama Migori umewahi kumwona mwinjilisti wa vitabu. Shati jeupe, mkoba mzito, viatu vimejaa vumbi, anaingia boma kwa boma na vitabu vya afya na vya maombi. Nyanya yangu alinunua kimoja kwa kulipa kidogo kidogo, na hakuna mtu aliyempiga picha yule jamaa na muziki wa huzuni. Aliketi, akanywa maji, akaeleza bidhaa yake, akalipwa.

Halafu kuna Asenath Bole Odaga, ambaye nimemjua mwaka huu tu, aibu yangu. Alizaliwa Rarieda mwaka 1937, akafariki 2014. Huyu mama hakungoja Nairobi. Mwaka 1982 alianzisha kampuni yake ya uchapishaji Kisumu, Lake Publishers, na duka la vitabu akaliita Thu Tinda, yale maneno ambayo nyanya zetu hufungia hadithi. Aliandika, akachapisha, akauza, kwa Kiingereza na kwa Dholuo. Na moja ya tamthilia zake za mwaka huo inaitwa Simbi Nyaima.

Simbi Nyaima mnaijua, ama angalau mmepiga selfi hapo. Lile ziwa dogo la kijani karibu na Kendu Bay, flamingo na kila kitu. Hadithi yake ni kwamba hapo palikuwa na kijiji. Siku moja watu wako kwa sherehe, wanakula, wanakunywa, wanacheza ngoma, akaja kikongwe mmoja amechoka na ana njaa, akaomba mahali pa kukaa. Wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyempokea. Usiku mvua ikanyesha na maji yakapanda na kijiji chote kikazama na sherehe yao.

Sisemi Homa Bay itazama kwa sababu ya kitabu cha soo tano. Lakini nilipokuwa nasoma hiyo hadithi tena, nikiwa kitandani, nilifikia mahali pa sherehe na yule kikongwe nikaweka simu chini.

Kuna wale watasema mambo ya kujiuzia vitabu ni ya watu ambao hawakuweza kuchapishwa. Tafuteni jina la David Maillu. Miaka ya 1970 alianzisha Comb Books Nairobi, akachapisha vitabu vyake mwenyewe, vidogo vya kuingia mfukoni, kama After 4.30 cha mwaka 1974. Wasomi wakamtukana, Tanzania ikavipiga marufuku, na watu wa kawaida wakavinunua kama njugu. Aliwafuata wasomaji walipo, makarani na wasichana wa ofisi. Huyo leo angekuwa kwa TikTok na angetushinda sote.

Sasa mje na sababu zenu, nazijua.

Ya kwanza, doo hakuna. Hiyo naiheshimu. Kama ulikuja kwa tamasha kwa miguu, ukanywa maji ya mfereji ukarudi nyumbani, hii posti si yako, lala salama. Naongea na wewe uliyelipa soo tatu kuchorwa chui usoni. Naongea na mimi.

Ya pili, vitabu vya kujichapishia viko na makosa. Ni kweli. Cha Mwalimu kina ukurasa ambao mstari wa mwisho umerudiwa mara mbili, na jalada lake limechorwa na mtu ambaye nadhani hajawahi kuona mashua. Nilimwambia hivyo, akasema anajua, mpwa wake alimchorea bure. Lakini nendeni mkaangalie video zangu za kwanza, zile za mwaka 2022, sauti kama niko ndani ya ndoo. Mlinivumilia.

Ya tatu ndiyo inaniuma, kwamba siku hizi hadithi zote ziko kwa video, kitabu cha nini. Niwaambie kitabu cha Mwalimu kinahusu nini. Kinahusu msichana wa ufuoni na jaboya. Kama hujui jaboya, ni ule mpango ambapo mwanamke anampa mvuvi mwili wake ndio auziwe samaki wa kuuza. Kila mtu wa huku analijua. Tumefanya video za kuchekesha kulihusu, nami nilifanya moja, ya sekunde thelathini, na mlicheka. Mwalimu amelikalia kurasa 140. Kuna sura nzima ambapo huyo msichana ameketi saa kumi usiku akingoja mashua, baridi, na hakuna kinachotendeka, anangoja tu, na anahesabu kwa kichwa ni beseni ngapi za omena zinafanya karo ya muhula mmoja. Nilisoma hiyo sura mara mbili. Nilikuwa nimechekesha watu juu ya huyo msichana na sikuwa nimewahi kujiuliza anafikiria nini akingoja.

Mwalimu aliniambia alifundisha wasichana wa hivyo. Wengine waliacha shule wakiwa darasa la saba na bado husalimiana naye sokoni. Ndiyo maana ameandika kwa Kiswahili chepesi na si kwa Kiingereza cha kushindania tuzo. Alitaka wao wakisome. Sasa fikiria kama asingetoa hiyo 69,000. Nani mwingine angeandika? Mtafiti atakuja na dodoso, atarudi kwao, ataandika ripoti ambayo hatutaiona. Mimi ningetengeneza video nyingine ya sekunde thelathini.

Nasema pia kitu kwa wanaopanga haya matamasha, na sitaji tamasha wala ofisi. Homa Bay imezoea wageni sasa. Juni 1, 2025 Madaraka Dei ilikuwa huko, Agosti mwaka huo huo Kongamano la Ugatuzi likaja huko huko. Tunajua kupanga matenti na viti vya wageni wa heshima. Lakini meza ya vitabu huwa mnaiweka wapi? Nimeenda matatu mpaka sasa nikiangalia hilo tu. Moja ilikuwa karibu na jenereta, huwezi kuongea na mnunuzi. Moja karibu na vyoo. Ile ya Mwalimu angalau ilikuwa kwa samaki. Na mwandishi anatozwa pesa ile ile ya nafasi na kampuni ya soda. Weka mwandishi mlangoni, mwambie alipe nusu, mpe maikrofoni dakika kumi kabla ya ohangla. Hiyo haihitaji bajeti.

Waandishi nao, samahani Mwalimu, huwa mnakaa kimya sana. Mnaketi nyuma ya meza kama mnaangalia mtihani. Yule jamaa wa kava za simu alikuwa anaita watu kwa majina ambayo si yao.

Hili nililijua vizuri zaidi Machi, na hapa ndipo nimejifunza kitu cha maana.

Kulikuwa na shughuli ya mtaa Migori mjini, Jumamosi, na nikamshawishi aje. Migori inafaa kitabu cha Kiswahili, kwa maoni yangu. Ni mji wa barabara ya kwenda Isebania na Sirare, Wajaluo, Wakuria, Wakisii, Waluhya, Wasomali, Watanzania wa kuvuka kununua vitu, na lugha inayotuunganisha sokoni ni Kiswahili, hata kama ni kile chetu cha kuvunjavunja. Nikamwambia nitamsaidia kuuza. Akasema sawa, lakini simu ikae mfukoni. Nitasoma.

"Kusoma vipi?"

"Kwa sauti. Si ulisema umemaliza kitabu?"

Nilikuwa na woga kuliko siku ya mtihani. Kuna jamaa wa mnada wa mitumba ambaye tulisoma pamoja, nikamwomba maikrofoni yake dakika tano. Akanipa akicheka. Nikafungua ile sura ya kungoja mashua, nikaanza. Mwanzo sauti ilikuwa inatetemeka na mtu akapiga kelele, "Omera, hubiri!" Kufikia ukurasa wa pili wale mama wa omena waliokuwa upande wa pili wa barabara walikuwa wameacha kuita wateja. Mmoja akavuka. Akasimama mbele yangu na mikono kiunoni mpaka nikamaliza, halafu hakuniuliza mimi chochote. Alimuuliza Mwalimu, "Huyu msichana, alikataa ama hakukataa?"

Mwalimu akamjibu, "Iko ukurasa wa tisini na tatu."

Wasee! Huyo mama alitoa noti ya mia tano kutoka kwa leso hapo hapo.

Nilikuwa nimesahau kwamba vitabu vyetu viliwahi kuuzwa hivi. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyetuacha Mei 2025, Caitaani Mũtharaba-inĩ chake cha 1980 kilikuwa kinasomwa kwa sauti kwenye baa na matatu, mtu mmoja anasoma na wengine wanamnunulia kinywaji aendelee. Hawakungoja kila mtu awe na nakala yake ama awe anajua kusoma.

Siku hiyo tuliuza 19. Si muujiza. Vitano vilichukuliwa kwa kulipa mdogo mdogo, soo sasa na soo kila Jumamosi kwa M-Pesa, na wawili kati yao mpaka leo hawashiki simu. Jamaa mmoja wa makamo, aliyesema aliwahi kuvua Muhuru Bay, alisimama dakika ishirini akibishana kwamba kitabu kinatukana wavuvi wote. Mwalimu akamwambia hawezi kubishana na mtu ambaye hajakisoma. Akanunua ili arudi kubishana. Alirudi kweli, wiki mbili baadaye, akampigia simu saa tatu usiku. Waliongea karibu saa nzima. Mwalimu anasema kwa mambo mawili huyo jamaa alikuwa na haki, na atayarekebisha akichapisha tena.

Kuchapisha tena. Aliniambia hivyo kama kitu cha kawaida. Vimebaki 112 kati ya 300. Anataka visiwepo kufikia Desemba.

Mimi bado natengeneza kontenti, msije mkasema nimekuwa mhubiri. Lakini nimejiwekea sheria. Nikikuta mtu anauza kitabu chake, kwanza nanunua ama nasema wazi sina pesa leo, bila hiyo "nazunguka". Simu inatoka baada ya kusoma. Na ukiniuliza PDF nitakufungia. Sijali wewe ni nani.

Kile kitabu changu hakiko kwangu sasa. Mamangu alikipata kwa kitanda akitafuta nguo za kufua, akasema anaangalia tu jalada. Huyu ni mama ambaye tangu niache chuo hatujaongea kuhusu kitabu chochote, ni mada ambayo tunaizunguka. Siku tatu chakula cha jioni kilichelewa. Jumapili akanirudishia, kimefungwa kwa mfuko wa plastiki kisichafuke, akaniuliza kama dadake wa Ndhiwa anaweza kukiazima.

Nikamwambia dadake anaweza kununua, ni soo tano.

Alinitazama kwa muda mrefu. Halafu akaniambia nimpe nambari ya huyo Mwalimu, atamwitisha bei ya viwili.